Laka Nyeusi ya Mpendae

Msasa ulikuwa umeshalowa, na vidole vya Inspekta Mardhiya Silima vilikuwa vimeshageuka kijani. Tangu saa moja ya asubuhi alikuwa amechutama uani mwa kituo, anasugua ubavu wa gari la mtu ambaye, kwa maoni ya wakubwa wake, kesi yake ilikwisha zamani.

"Usikandamize, Bi Mardhiya," alisema mwenye gari. "Tia maji. Msasa wa maji hautaki nguvu, wataka subira."

Mwenye gari alikuwa Mzee Ubwa, fundi rangi wa Ng'ambo, mtu wa miaka sitini kasoro. Alisimama na pingu mikononi, lakini sauti ilikuwa ileile ya fundi anayemwelekeza mwanafunzi. Polisi walimkamata Ijumaa iliyopita mlangoni mwa msikiti, watu wanatoka kusali. Leo ilikuwa Ijumaa tena, na kwa siku zote hizo hakuna hata askari mmoja aliyejisumbua kushika kipande cha msasa.

Jalada lilimfikia Mardhiya jana, aliporudi kutoka kozi Dar. Alilisoma mara mbili, na mara ya pili alilisoma kwa sauti, kwa hasira. Siku kumi na sita nyuma, Jumatano alfajiri, Bi Mwatum, mkulima wa mwani wa Makunduchi, alikuwa anakwenda pwani na ndoo yake ya kamba na vigingi. Gari likamgonga. Mwenzake, Bi Amne, aliyekuwa akimfuata kwa mbali, aliona gari dogo jekundu limesimama na mtu anateremka. Akadhani anateremka kusaidia. Mtu yule alimshika Bi Mwatum miguu, akamburura mpaka majanini ili asionekane, akarudi garini akaondoka. Kulikuwa bado kiza cha kutomjua mtu sura. Bi Mwatum alikuwa hai, na hata leo yu hai, amelala hospitali mjini, hajatamka neno.

Mardhiya alikwenda kumtazama jana hiyohiyo. Kando ya kitanda alimkuta Nadir, mnunuzi wa mwani anayewanunulia wanawake wa kule kusini, anamenya machungwa. Nesi alisema bwana yule huja kila siku kuuliza kama mgonjwa amesema. "Huyu ni mama yangu," alisema Nadir, na Mardhiya akamshukuru.

Kituo kilitafuta gari jekundu lililobadilishwa rangi. Wakaliona la Mzee Ubwa: mwezi uliopita jekundu, sasa kijani, na mbele upande wa kulia pamezibwa kwa puti, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bati. Mkuu wa kituo, Afande Abrahman, akaona kazi imekwisha. Saa nne karandinga litampeleka mzee mahakamani.

"Basi, hapo patosha," alisema Mzee Ubwa. "Pangusa, utazame."

Mardhiya alipangusa kwa kitambaa. Pale aliposugua palikuwa na duara lenye pete za rangi kama kitunguu kilichokatwa: nje kijani, kisha nyekundu, kisha nyeupe, na katikati kabisa buluu.

"Zote hizi umepaka wewe?"

"Buluu ndiyo lilotoka nayo kiwandani. Hizo nyengine zangu. Kila mwaka nalivisha rangi mpya. Mteja akija hasomi karatasi, anatazama gari. Gari langu ndiyo kitabu changu."

"Na puti?"

"Mke wangu alikuwa anajifunza kuendesha. Kauulizeni ukuta wa jirani."

Mardhiya alitoa bahasha ndogo mfukoni. Ndani yake mlikuwa na kigamba cha rangi, kidogo kuliko ukucha wa mtoto, kilichokutwa kimenasa kwenye ufa wa ndoo ya Bi Mwatum. Alikigeuza juani kwa kibano. Juu nyekundu. Chini yake kijivu, ile rangi ya msingi ya kiwandani. Basi. Hapakuwa na nyeupe wala buluu.

Kwa hivyo gari lililomgonga Bi Mwatum lilizaliwa jekundu. La Mzee Ubwa lilizaliwa buluu. Jambo hilo lilikaa ndani ya bahasha siku kumi na sita, wanaume wazima wanalipita kwenda kunywa chai.

"Niliwaambia siku ya kwanza," alisema Mzee Ubwa, bila ya kupaza sauti. "Nikasema leteni msasa. Wakanambia nyamaza."

Afande Abrahman alitoka mlangoni, kikombe mkononi. Alisikiliza habari za pete zote nne, akanywa funda moja.

"Inspekta, hakimu hataki habari za vitunguu. Mimi nina shahidi kaona gari jekundu, na nina gari lilokuwa jekundu. Wewe una nini?"

"Nina kigamba ambacho si cha gari hili."

"Basi nletee gari lake. Saa nne ni saa nne." Akarudi ndani.

Mardhiya aligeuka kwa fundi. Mashavu yalikuwa yanawaka kwa hasira. "Mzee Ubwa, niambie. Ungekuwa wewe ndiye uliyemgonga mtu, ungelificha vipi gari?"

"Mie? Mie ningempakia nikampeleka hospitali." Alimtazama kidogo, akaona swali halijajibiwa. "Lakini huyo, hawezi kuja kwa fundi. Fundi ana macho na ana mdomo. Atapiga rangi mwenyewe, nyumbani kwake. Na asiyejua kazi hanunui ile rangi ya kuchanganya na dawa ya kukazia. Ile ina vipimo, ukikosea inabaki inanata kama asali. Atanunua laka. Laka rahisi, na yakauka kabla hujamaliza chai yako."

"Ubaya wake?"

"Uko wa aina mbili. Wa kwanza, ipanguse kwa thina, ile ya kuyeyushia rangi, inatoka, hata ikae miaka. Ya kiwandani haitoki. Wa pili, laka haipendani na mvua. Ukiipuliza hewa imejaa maji, inapauka. Inatoa weupe juu, utasema gari limemwagiwa unga. Na wiki ile, Bi Mardhiya, mvua ilinyesha Jumatano mpaka Jumatano. Hapana fundi mjini alopuliza laka. Mtafute mjinga mwenye haraka."

Askari alimshika mkono kumrudisha ndani. Mzee alisita.

"Mie mahakama siiogopi," alisema. "Naogopa ule mlango wa msikiti. Wale watu wote walioniona natiwa pingu, nani atawaendea mmoja mmoja kuwaambia?"

Mardhiya aliirudisha bahasha mfukoni. Alimwita Konstebo Nusrat, akamwambia awashe gari, na njiani waipitie chupa ya thina na pamba.

Duka la Bi Shemsa lipo uchochoro wa pili nyuma ya soko la Darajani. Ni mama mtu mzima, anauza rangi za magari tangu mumewe alipofariki, na anajua nani kapaka nini mjini kote kuliko daftari lolote la serikali.

"Shikamoo, Bi Shemsa."

"Marahaba, mwanangu. Wataka rangi au wataka maneno?"

"Maneno. Wiki ile ya mvua kubwa, uliuza laka?"

Bi Shemsa aliweka chini kopo alilokuwa analifuta. "Niliuza kwa mtu mmoja tu, na hasira zake ninazo mpaka leo. Alhamisi, ndo kwanza nafungua mlango. Makopo manne ya laka nyeusi, ile ya chini kabisa, na thina ya chini kabisa, na bomba la mkono la kupulizia. Nikamwambia, bwana we, subiri jua. Kama huwezi kusubiri, chukua thina hii inayokausha polepole, angalau haitapauka sana. Kanambia, mie napaka geti tu."

"Geti."

"Makopo manne! Nikasema labda geti la bandarini. Basi Jumamosi huyo, karudi na ngebe zake, anapiga kelele mbele ya wateja. Nimemuuzia rangi mbovu, imetoka weupe. Rangi yangu mbovu! Mie nilomkanya kwa mdomo wangu huu!"

"Alisema jina?"

"Alitaka dawa ya kung'arishia, autoe ule weupe. Sikuwa nayo. Kaniachia nambari, ikija nimpigie." Alivaa miwani, akabonyeza simu kwa kidole kimoja, akaigeuza Mardhiya aione. "Huyu hapa. Nadir Geti."

Mardhiya aliisoma nambari. Alitoa simu yake. Jana, pale kitandani, alichukua nambari ya yule bwana mwema ili amjulishe mgonjwa akipata nafuu. Zilikuwa nambari moja.

Machungwa, alifikiri. Alimmenyea machungwa mtu asiyeweza kutafuna. Na mimi nikamwambia Mungu akulipe. Alitoka dukani akisahau kuaga, ikabidi Nusrat arudi kuaga kwa niaba yake.

Walifika mtaa wa Mpendae, anakokaa Nadir, saa tatu na robo. Nyumba ya Nadir ilikuwa ya ukuta mzuri na geti la chuma. Geti lilikuwa na kutu kuanzia juu mpaka chini, halijaona rangi tangu lilipochomelewa.

Nadir alifungua mwenyewe. Mtu wa miaka arubaini hivi, kanzu nyeupe, ananukia udi, tayari kwa Ijumaa.

"Bi Mardhiya! Karibu, karibu ndani. Bi Mwatum kaamka?"

"Bado."

"Alhamdu..." Ulimi ulimponyoka akaukamata. "Alhamdulillahi kwa kila hali."

Nusrat alimtazama Mardhiya. Mardhiya alikuwa ameshapita, anatazama turubai iliyofunika kitu pembeni ya banda la kuku.

"Hilo gari lako?"

"Gari bovu. Halitembei."

"Nusrat, funua."

Lilikuwa gari dogo jeusi, kama ule ni weusi. Boneti lote lilikuwa na ukungu mweupe, na rangi ilichuruzika milangoni mistarimistari. Fundi wa kweli angeona haya kulitazama. Sakafuni palikuwa na matone meusi, na kuku mmoja alikuwa na bawa jeusi.

"Lilikuwa rangi gani zamani?" aliuliza Mardhiya.

"Hili? Jeusi. Tangu lilipotoka Japani."

Mardhiya alilowesha pamba kwa thina, akapangusa ukingo wa mlango mara tatu. Pamba ikatoka nyeusi kama sufuria ya kuni. Alitia pamba nyengine, akapangusa palepale. Hii ilitoka safi. Chini palikuwa pamebaki wekundu unaong'ara, uliokaza, ambao thina haikuufanya kitu.

"Naona Japani nao hupiga laka wakati wa mvua," alisema.

Nadir alicheka kidogo. "Ah, kumbe wauliza hilo. Nililipaka kidogo, kweli. Jua lilikuwa limeliunguza. Lakini zamani, Bi Mardhiya. Kabla ya Ramadhani."

"Kabla ya Ramadhani kulikuwa kukavu. Laka hii imepulizwa na mvua. Na Bi Shemsa anakusalimu, anasema dawa ya geti lako bado haijafika."

Nadir alitazama geti lake. Wote watatu walilitazama.

Mardhiya alihamia mbele, kwenye kona ya kulia, akapangusa. Weusi ulitoka, na chini yake pakaonekana puti ya kijivu pana kama sahani, kama iliyopakwa kwa kisu cha mkate kwa jinsi ilivyoparuzika.

"Ulipiga nini hapa?"

"Nguzo."

"Nguzo ya wapi?"

"Nguzo ya... Paje. Nilikuwa narudi nyuma."

"Unarudi nyuma, ukapiga nguzo kwa mbele."

Nadir aliitazama ile puti. Lakini macho yalikuwa bado na matumaini. Mardhiya aliyaona, na yakamuudhi kuliko uongo wenyewe. Nadir alikuwa anahesabu: rangi si kosa, puti si kosa, nguzo haina ulimi, na yule mwenye ulimi amelala. Saa ya Mardhiya ilionyesha saa tatu na dakika arubaini.

Akazunguka nyuma ya gari, na hapo akasimama.

Kwenye mlango wa buti palikuwa na karatasi ya kubandika yenye Ayatul Kursi kwa maandishi ya dhahabu. Gari zima lilikuwa limepakwa. Vitasa vilipakwa, mipira ya vioo ilipakwa, hata nusu ya taa ilipakwa. Lakini aya haikuguswa na tone. Mtu alikata utepe wa gundi kwa makini, akauzungushia pande zote nne, na ili asikose akaacha nafasi ya kidole kimoja kila upande. Utepe ulipobanduliwa, aya ilibaki imezungukwa na fremu ya wekundu safi.

"Nadir, njoo."

Alikuja, mikono nyuma.

"Hapa uliruka. Kwa nini?"

Aliitazama fremu ile nyekundu kwa mshangao wa mtu anayeiona leo. "Hiyo ni aya, Bi Mardhiya," alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alisema kweli. "Neno la Mungu mtu halipaki rangi. Ningepata dhambi."

"Ungebandua."

"Kubandua ingechanika. Nikaogopa."

Mardhiya aliiweka chini chupa ya thina. Alikuwa polisi miaka kumi na minne, ameshaona wezi na wauaji, lakini hajapata kuona mtu anayemwogopa Mungu kwa upana wa kidole.

"Uliogopa," alisema. "Mvua inanyesha, una haraka, damu ya mtu iko kwenye boneti lako, na bado ukakaa chini na mkasi ukakata utepe, pande nne, usipate dhambi. Na Bi Mwatum ni kiumbe cha nani, Nadir? Yeye hukuogopa kumwacha majanini kama mfuko wa taka? Sema! Yeye kaumbwa na nani?"

Sauti yake ilisikika mpaka njiani. Jirani alifungua dirisha. Nadir alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa banda la kuku, akateleza akakaa chini, kanzu nyeupe juu ya matone meusi.

"Sikumwona," alisema. "Wallahi sikumwona. Nilikuwa nawahi kupima mwani kabla ya wanunuzi wengine. Niliposhuka nikamjua. Na yeye kanijua. Kasema, 'Nadir, mwanangu, niinue.'"

"Ukamwinua?"

Alitikisa kichwa.

"Na machungwa yale? Ulikuwa unakwenda kumwombea apone, au unakwenda kusikiliza kama ataamka?"

Nadir alifunika uso. Mardhiya hakumlazimisha kujibu, maana jibu lilikuwa pale mlangoni, kwenye ile Alhamdu aliyoikata katikati. Nusrat alimtia pingu. Mardhiya alipiga picha kona ya puti, akapiga ile fremu, akafunika aya kwa karatasi safi isiguswe na mtu mpaka mpima rangi afike. Kisha alipiga simu kituoni. Ilikuwa saa nne kasoro dakika saba.

"Afande, karandinga limeondoka?"

"Linawashwa."

"Lizimwe. Gari ninalo, na mwenyewe ninaye. Amekiri mbele ya Konstebo Nusrat."

Upande wa pili kikombe kiliwekwa mezani. "Nani?"

"Nadir, mnunuzi wa mwani."

"Yule anayekwenda hospitali?"

"Huyohuyo."

Afande Abrahman alivuta pumzi. "Basi vyema. Ntamwachia yule mzee. Apite mlango wa nyuma, aende zake kwao, tusifanye tamasha."

"La, Afande," alisema Mardhiya. "Hakuingia kwa mlango wa nyuma. Leo Ijumaa. Utamchukua wewe mwenyewe, na sare zako, umpeleke msikiti uleule mlikomkamata. Watu wakitoka kusali, utasimama naye mlangoni useme."

"Niseme nini?"

"Useme mlikosea."

"Inspekta, wewe nani wa kunipangia mimi?"

"Mimi ndiye ninayeandika ripoti. Ndani yake kuna bahasha iliyokaa siku kumi na sita na mzee aliyeomba msasa akaambiwa nyamaza. Naweza kuandika pia kwamba mkuu wa kituo alirekebisha kosa siku hiyohiyo. Au nikaacha."

Simu ilikatika.

Saa saba kasoro, Mardhiya alisimama ng'ambo ya njia, mkabala na msikiti, vidole bado kijani. Watu walianza kutoka, wanatafuta viatu vyao. Mzee Ubwa alikuwa ngazini kwa shati lilelile la siku saba, mikono mitupu, anatazama chini. Pembeni yake Afande Abrahman alikohoa mara mbili, akavua kofia, akaanza kusema kwa sauti ndogo.

"Hatusikii!" alipiga kelele mtu wa nyuma.

Mzee Ubwa aliinua kichwa. Afande akafuta jasho, akaanza upya, kwa sauti kubwa.